Ovaroli ya Kuwindia Iliyopigwa Pasi

Orpa alikuwa mtu wa pasi. Waliomjua kule kwao Baraka, waliomjua kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hawa wanaomjua sasa hapa Carrollton, Texas, wote watakuambia vilevile: nguo haitoki mkononi mwa Orpa bila kupita motoni. Mashuka, taulo, soksi, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Wasichana wa kwaya humtania, "Mama Orpa, hata leso ya pua unaipiga pasi?" Naye huwajibu kwa upole wake, "Naipiga, wanangu. Pua nayo ni ya Mungu."

Si maringo. Kule kwao kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje. Ukivaa nguo ile bila kuipiga pasi, siku chache baadaye unatoka majipu, na ndani ya kila jipu kuna funza hai. Josué, mtoto wake wa kwanza, alitoka majipu hayo mgongo mzima akiwa bado ananyonya. Orpa aliwatoa funza mmoja mmoja kwa vidole vyake, huku mtoto analia na yeye analia, na tangu siku hiyo hajaiacha pasi ipoe. Texas hakuna nzi huyo. Aliambiwa hivyo na kila mtu, na mwenyewe aliamini. Mkono wake ndio haukuamini.

Alikuwa amevuka hamsini, na magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika kwa sauti. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umepangwa tabaka kwa tabaka kama mashuka kabatini: wa juu ulikuwa wa jana, na wa chini kabisa ulikuwa wa kukimbia na mtoto mgongoni. Hapa Amerika alianza kwa kukata kuku kiwandani, akaja kutandika vitanda vya hoteli, na sasa alikuwa akimtunza mzee mmoja mzungu, Sheldon, aliyepigwa na kiharusi akabaki wa kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Alimwamsha, alimwogesha, alimlisha, alimgeuza. Alimwita papa, kama angemwita mzee yeyote wa kwao, na mzee akalipenda jina hilo.

Mumewe, Siméon, alifanya kazi kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. Kutwa nzima aliingia na kutoka: ndani kwenye barafu, nje kwenye malori, ndani tena. Kifua chake kikaanza kukohoa kikohozi kisichoisha. Siku moja Sheldon akakisikia kikohozi kile kwenye simu, Orpa akiongea na mumewe jikoni.

"Huyo ndiye bwana wako?"

"Ndiye, papa. Baridi ya kazini inamuua."

"Nenda gereji. Kuna ovaroli yangu ya kuwindia imetundikwa nyuma ya mlango. Mpe."

Mzee huyu enzi zake alikuwa mwindaji. Kila mwaka alipanda milima ya Kolorado na mkewe, Carmel, kuwafuata kulungu wakubwa kwenye theluji inayofika magotini. Ovaroli yenyewe ilikuwa nene kama godoro, ina madoadoa ya rangi ya majani makavu, na ilinuka mbwa. Orpa akaipeleka nyumbani kwa furaha. Akaifua kwa maji ya moto. Akatia dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu ya maua, akamimina mara mbili kwa sababu ya yule mbwa. Kisha akaweka pasi kwenye moto wa mwisho, akaibana ovaroli mbele na nyuma, mikono na miguu, mpaka ikalala bapa kama kitambaa cha meza. Siméon alipoivaa alionekana nadhifu, mtu wa kwenda ibadani. Orpa alimwuliza kama inamfaa. Siméon akasema inafaa sana.

Basi, Januari ile theluji ikaanguka.

Dallas si mji wa theluji. Ikianguka, watu hawana koleo, magari hayana matairi ya theluji, na umeme hukatika kama taa ya mafuta iliyopulizwa. Orpa alikuwa kwa Sheldon tangu siku iliyotangulia, kwa kuwa dada aliyepaswa kumpokea zamu alishindwa kutoka kwake. Hakuwa amelala kitandani. Alikuwa amejikunja kwenye kochi karibu na moto wa gesi, akiamka kila mzee alipotaka kugeuzwa.

Baada ya chakula cha mchana Siméon akapiga simu.

"Mama Josué, kazini umeme umekatika, wanaturudisha nyumbani. Na nyumbani pia iko giza, jirani amenipigia. Pale kwa mzee kuna moto?"

"Upo wa gesi. Uje hapa. Lakini barabara?"

"Gari imeshindwa kupanda daraja, inateleza kama sabuni. Nimeiacha chini. Nakuja kwa mguu, si mbali."

"Umevaa nini?"

"Nimevaa ovaroli yako, mama. Usiwe na wasiwasi." Akakohoa, kisha akasema, "Simu inakufa, baridi inakula betri," na sauti ikakatika.

Orpa akamwambia Sheldon kwamba Siméon anakuja kwa miguu, na kwamba ashukuriwe Mungu amevaa ile ovaroli. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaanza kusimulia jinsi ovaroli ile ilivyomlaza mlimani usiku kucha bila moto. Akasema theluji ni mwalimu mkali, haiangalii bei ya kitu. Kuna mwaka mafuta ndani ya bunduki yake yaliganda yakawa kama asali. Akafyatua, bunduki ikalia *tik*, na kulungu akageuza shingo, akamtazama kama mtu aliyetukanwa, akaondoka zake pole pole.

Orpa akacheka kidogo. Kisha, kwa kutaka kumfurahisha, akamwambia jinsi alivyoitunza nguo yake: maji ya moto, dawa ya maua, pasi ya moto wa mwisho.

Sheldon akamgeukia.

"Uliipiga pasi?"

"Sana, papa. Ilikuwa imevimba. Sasa imelala vizuri."

Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua, alisema taratibu ili Orpa ashike kila neno. Ule uvimbe ndio uliokuwa joto. Ndani mle mlikuwa na nyuzi za plastiki zilizofumuliwa kama pamba, zinashika hewa, na hewa ndiyo inayompa mtu joto. Pasi imeziyeyusha zikashikana. Na juu ya kitambaa kulikuwa na ngozi ya kuzuia maji. Dawa ya kulainisha imeifunika, na sasa kitambaa kitakunywa theluji kama sifongo. Ndani ya ghala kavu, mtu anaweza kusukuma siku. Nje, kwenye theluji hii yenye maji, mumewe amevaa shuka lililolowa.

Orpa alibaki amesimama na kikombe cha mzee mkononi. Akatazama dirishani. Theluji ilikuwa ikianguka kwa upande, nzito, ya kushikamana.

"Nimemvalisha kifo," akasema kwa Kiswahili.

Akajaribu simu ya Siméon. Imezimwa. Akapiga namba ya dharura. Sauti ikamwambia barabara zimejaa ajali, wangetuma mtu pindi wakipata mtu.

Ofisi iliyomweka pale ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mgonjwa haachwi peke yake. Orpa hakuwahi kuivunja hata kwa kwenda dukani. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, akakunja mikono, akaomba. Alipomaliza, Sheldon alikuwa akimtazama.

"Umemaliza na Mungu? Sasa nisikilize mimi. Nimewahi kukaa peke yangu kwenye kibanda cha kuvizia kutwa nzima, theluji imenifunika mabega. Nitashindwa kukaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu, mbele ya moto? Nipe maji, nipe simu, nenda. Lakini hutoki hivyo ulivyo. Fungua kabati la Carmel."

Kabati lile Orpa alikuwa akilifuta vumbi kwa nje tu. Ndani nguo za marehemu zilikuwa zimekunjwa kama alivyoziacha. Mzee akawa anaamuru kutoka kwenye kiti, naye Orpa anatoa kimoja kimoja.

"Vua hiyo blauzi, ni pamba. Pamba ikilowa inakuwa adui. Vaa fulana ya sufu, ile ya kijivu. Sufu hata ikilowa haikusaliti. Sasa suruali."

Orpa akasimama na suruali mkononi.

Tangu azaliwe hakuwahi kuvaa suruali. Katika kanisa lao mama havai nguo ya mwanamume, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha mabinti.

"Papa, mimi suruali sivai."

"Hiyo si ya mwanamume. Ya Carmel."

"Ni suruali, papa."

"Orpa, huko nje kuna mtu anaganda."

Akaivaa. Aliivaa chumbani, mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa amejifunga kitenge chake juu yake, fundo limekazwa kiunoni.

Sheldon akakitazama kitenge. "Hicho ni pamba."

"Mungu ananiona, papa."

"Mungu anaiona na theluji." Lakini hakubishana zaidi. Akamwonyesha buti, akamwambia asizijaze soksi mpaka vidole vikabanwa, vidole lazima vicheze. Akamwambia avae juu fulana ya rangi ya chungwa inayowaka, ile wanayovaa wawindaji wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Akampa vipakiti vidogo vya joto ambavyo ukivitikisa vinapata moto. Kwenye mfuko wa mgongoni wakaweka koti la sufu la mzee mwenyewe, kofia, soksi na suruali nene.

"Usikimbie," akasema mwisho. "Ukikimbia utatoka jasho, na jasho litakugeuka. Na ukimkuta anakuambia anasikia joto, usimwamini."

Nje palikuwa kimya kama siku ya mazishi. Chini ya theluji kulikuwa na barafu, na Orpa alitembea kama mama mjamzito, mikono ameinua. Watoto wa jirani walikuwa wakiteremka kilima kwa mfuniko wa pipa la taka. Hakuna gari lililopita. Alijua njia ambayo Siméon angeifuata, ndiyo hiyo hiyo ambayo basi hupita, akaifuata kwa kinyume.

Buti za Carmel zilishika ardhi. Sufu ilimkumbatia. Kilichomsumbua ni kitenge. Kilianza kwa kulowa pindoni, kikapanda kulowa mpaka magotini, kisha upepo ulipokigeukia kikaanza kukauka vibaya: kikaganda. Kikawa kigumu kama bati. Kila hatua kilimgonga mifupa ya miguu, na alipotaka kupanda ukingo wa barabara kikakataa kukunjika, akaanguka kwa magoti yote mawili, yale yale ya kulalamika.

Akabaki pale chini amepiga magoti. Mtu angedhani anaomba. Alikuwa amechoka tu, amechoka hata kuinuka, na kwa kitambo kidogo wazo lilimjia la kukaa vilevile mpaka mtu mwingine aje afanye yaliyobaki.

Kisha akafungua fundo. Kitenge hakikuanguka, kilisimama chenyewe. Akakikunja kwa kukivunja kama kuni, akakibana kwapani, akasimama katikati ya barabara ya Carrollton amevaa suruali. Ng'ambo mzungu mmoja aliyekuwa na mbwa akampungia mkono. Orpa akampungia na yeye. "Bwana, unajua," akasema, akaendelea.

Alimkuta Siméon kwenye kituo cha basi, chini ya kile kibanda cha kioo. Amekaa kwenye benchi, mikono kwapani, kichwa kimeinama. Ovaroli mabegani na mapajani ilikuwa nyeusi kwa maji, na juu ya maji kulikuwa na ganda la barafu linalong'aa.

"Baba Josué!"

Akainua uso. Akatabasamu kama mlevi. "Ah. Nani huyu askari?"

"Ni mimi. Simama."

"Mama Josué amevaa suruali," akasema pole pole, kama anayesoma gazeti. Ulimi ulikuwa mzito. "Acha nipumzike. Sasa hivi nasikia vizuri. Nasikia hata joto. Nisaidie kufungua zipu."

Orpa hakumwamini. Akamvisha kofia kwanza. Zipu ilikuwa imeshikwa na barafu, haikusogea juu wala chini. Akaipulizia pumzi, wapi. Akatikisa kipakiti cha joto, akakibana kwenye zipu kwa viganja viwili kama anavyobana pasi kwenye kola, akangoja, akavuta. Ikaachia kidogo, akabana tena, ikaachia. Akamvua ovaroli mpaka kiunoni, akamvika koti la Sheldon. Akamvua na iliyobaki, palepale kituoni, akamvika suruali nene ya mzee. Hakukuwa na mtu wa kuona, na kama alikuwapo, aone. Alipomvua buti akakuta soksi zimelowa. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe kama mshumaa, akivigusa havijui. Akambadilisha soksi, akamrudishia buti bila kuzikaza.

"Sasa twende."

"Wewe tangulia. Nitakufuata kesho."

"Kama unataka kulala, nenda kalale kwa bibi mwingine. Kwangu hakuna kulala. Inuka!"

Akamwinua kwa namna anavyomwinua Sheldon kila siku, mkono chini ya kwapa, goti kati ya magoti. Mwili wake ulijua kazi hiyo hata pale yeye mwenyewe alipokuwa hana nguvu tena. Wakaanza kutembea. Baada ya nyumba chache akaanza tena kulegea, macho yanafumba. Orpa alijua kitu kimoja tu kinachomwamsha Siméon: hasira.

"Baba Josué, sikiliza. Ovaroli yako ni mimi nimeiharibu."

"Mm."

"Pasi ndiyo imeiua. Na dawa ya maua. Mzee ameniambia."

Akavuta hatua mbili tatu. Kisha, "Ile dawa," akasema.

"Ndiyo."

"Ile harufu." Akasimama. "Unajua wenzangu kule ghalani wananiita nani? Wananiita bibi arusi. Nikiingia wanapiga vigelegele. Na Wameksiko nao wamejifunza vigelegele!"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umefurahi. Na baridi ilikuwa inapita humo kama hakuna nguo. Siku ya kwanza tu nilijua."

"Ukaniambia inafaa sana!"

"Ungelia!"

"Afadhali ningelia, Baba Josué! Kulia kungekuua?"

"Wewe mwanamke utapiga pasi hata ukuta!"

"Sema tena. Sema kwa nguvu."

Akasema tena kwa nguvu. Wakagombana hivyo njia nzima, jinsi ambavyo hawakuwa wamegombana tangu Nyarugusu, wameshikana viuno wasianguke, na kila alipomwona anapoa Orpa alimchokoza upya: mara kikohozi alichokificha, mara gari aliloliacha chini ya daraja. Walipofika kwenye kilima wale watoto waliacha mfuniko wao wakawatazama. Siméon alikuwa anatetemeka sasa, meno yanagongana mpaka maneno yanakatika, na Orpa akashukuru kimoyomoyo, maana mwili unaotetemeka bado unapigana.

Sheldon alikuwa dirishani. Alikuwa amekisukuma kiti chake mwenyewe, kwa mkono mmoja ule mzima, mpaka kwenye kioo, na alipowaona akafumba macho kidogo.

"Usimweke karibu na moto," akasema walipoingia tu. "Na usisugue miguu. Sugua na nitakupiga, Orpa. Chai ya sukari, kisha vidole vipate joto la mtu. Ngozi kwa ngozi. Ukikimbilia maji ya moto vitaoza."

Akamnywesha chai. Akapiga tena namba ya dharura. Sauti ileile, wasubiri. Basi Orpa akakaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, akainua fulana ya sufu ya Carmel, akachukua mguu wa kushoto wa mumewe akauweka kwenye tumbo lake. Baridi ilimwingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Ilikuwa kama kukumbatia jiwe la mtoni. Siméon alikuwa amelala kwa ubavu kwenye zulia, amefunikwa mablanketi mpaka masikioni.

"Unasikia?" akamwuliza.

"Tumbo lako, silisikii. Mguu, siusikii."

Wakangoja. Kwa kazi ile ya ghalani mtu asiye na vidole vya mguu hasimami siku nzima, na Siméon hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Wote wawili walijua hivyo. Orpa alijaribu kuomba, lakini maneno yalimjia nusunusu, anaanza sala moja anaishia kwenye nyingine, mpaka akaacha akabaki na jina la Yesu peke yake, analirudia kwa kila pumzi, kama mtu anayehesabu hatua akiwa na mzigo kichwani. Macho yalimfumba. Akayafumbua. Yakafumba.

Siméon akapiga ukelele.

"Nini?"

"Unaniunguza! Toa! Mguu unawaka moto!"

"Upi? Kidole kipi?"

"Vyote, mama, vyote, nakufa!"

Kutoka sebuleni Sheldon akauliza anasema nini. Orpa akamweleza. "Mwache alie," mzee akasema. "Damu inarudi. Kikiuma kidole, bado ni chake."

Akautoa mguu akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Kidole kimoja kilikuwa kimekuwa chekundu kama pilipili. Kile kidogo kabisa kilikuwa cheupe bado nchani, lakini shina lake lilikuwa na rangi ya mtu. Labda ncha ingekwenda, labda isingekwenda. Daktari angesema barabara zikifunguka. Mguu ulikuwa umebaki. Akaurudisha tumboni, Siméon analia machozi kabisa, analia kama Josué alivyolia mchanga, naye akamwacha alie.

"Asante, Bwana," akasema kwa midomo tu.

"Orpa," mzee akaita. "Samahani. Nahitaji kugeuzwa kitini. Na nimejilowesha."

"Nakuja, papa."

Alisema nakuja, na kweli alitaka kwenda. Lakini magoti yalikuwa hayajaitika, na mguu wa Siméon ulikuwa tumboni mwake, una uzito, umeanza kupata joto. Akabaki amekaa palepale, theluji inaanguka dirishani, akikusanya nguvu za kuinuka.